Yapitayo Moyoni na Majina Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa moyo wa kufahamu na ulimi wa kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, katika mwezi mmoja walitujia watu wawili hapa darasani, baina ya Magharibi na Isha, kila mmoja na swali lake, na maswali yote mawili yalikuwa ya talaka. Twaeleza khabari zao bila ya kuwataja, kwani siri ya Mwislamu ni amana, na makusudio yetu ni mafunzo wala si masimulizi.

Wa kwanza ni kijana ambaye ndoa yake haijatimia mwaka. Alikaa karibu na mlango mpaka wenzake wakaondoka, kisha akasogea akasema, “Maalim, nahofu nimemwacha mke wangu.” Tukamuuliza, “Ulimwambiaje?” Akajibu, “Sikumwambia kitu. Nilikuwa nakunywa chai, na neno la talaka likanipita moyoni. Sijui limetoka wapi. Hatukugombana. Tangu siku ile nalala barazani, naye hajui kwa nini.” Wakati huo muadhini alikuwa amekwisha kusimama, na sisi tukamjibu kwa mkato, tena kwa ukali kidogo, kwamba aache mawazo ya upuuzi. Akainamisha kichwa akenda zake.

Wa pili ni mtu mzima, baba wa watoto wanne. Huyu alikuja na uso mkunjufu. Akasema kwamba alirudi nyumbani amechoka, akakuta chakula hakijaiva, akamtamkia mkewe, “Nimekuacha.” Mke akaweka chini mwiko aliokuwa nao mkononi, akatwaa buibui lake, akenda kwa kaka yake. “Lakini, Maalim,” akasema, “neno lenyewe lilinijia ghafula tu. Si nia yangu. Huu si wasiwasi wa shetani tu? Basi nimwambie arudi, yaishe.”

Tazameni, ndugu zetu, mambo haya mawili yalivyopinduka. Kijana hakutenda kitu, akajihukumu kuwa ametenda. Mtu mzima ametenda, akajihukumu kuwa hakutenda kitu. Yule wa kwanza ameliita talaka jambo ambalo si talaka, na wa pili ameliita wasiwasi jambo ambalo limekwisha kuupita wasiwasi kwa mwendo mrefu. Wote wawili wamepotea katika majina, na kwa kupotea katika majina wamepotea katika hukumu. Nyumba mbili zimeingia taabuni kwa sababu hiyo.

Basi tumeona yatupasa kuyaeleza majina haya moja baada ya moja, kwani katika mazungumzo yetu tumeyachanganya. Chochote kitujiacho ghafula twasema, “moyo umeniambia”, au “nafsi imenituma”, au “imenijia tu”. Wala hatujiulizi ni moyo gani uliosema, na nani aliyeuambia.

Daraja tano za kinachopita moyoni

Moyo kwa Kiarabu huitwa qalbu, na asili ya neno hilo ni kugeuka. Kitu chenye kugeuka hakikosi kupitiwa na mengi. Maulamaa wetu wameyapanga hayo yanayoupita moyo, tangu linapodondoka jambo mpaka linapokaribia kuwa kitendo, kwa daraja tano. Na ili tufahamiane, natupige mfano wa mwenye duka aliyewekewa na jirani yake amana ya fedha, jirani mwenyewe amesafiri kwenda Hija.

Daraja ya kwanza ni hajisi. Mwenye duka anafungua sanduku kwa haja yake nyingine, jicho lake linaangukia fedha zile, na ndani yake linapita neno: lau ningezitwaa! Likapita likenda zake, kama kivuli cha ndege juu ya mchanga. Hakulialika wala hakulikaribisha.

Daraja ya pili ni khatiri. Ni lile lile, lakini sasa limerudi na kutua kidogo. Yuko katika kupima mchele wa watu, na fikira yake inazunguka sandukuni.

Daraja ya tatu ni mazungumzo ya nafsi, yaani hadithun-nafsi. Hapa pameingia majadiliano. Nafsi yasema: “Nitazirudisha kabla hajarudi.” Yajibiwa: “Na ukikosa?” Yasema tena: “Sitakosa, mwezi huu biashara ni nzuri.” Mizani bado haijaelemea upande.

Daraja ya nne ni hamu. Hapa natuwe na uangalifu, kwani neno hili katika Kiswahili chetu limekuwa na maana ya shauku, kama mtu kusema ana hamu ya kumwona mwanawe. Katika istilahi ya maulamaa ni mizani kuelemea upande wa kutenda: mwenye duka ameanza kumili upande wa kuzitwaa, ingawa hajafunga shauri.

Daraja ya tano ni azma. Shauri limefungwa fundo. Amekwisha kuazimia, na kilichombakisha ni kungoja watu watoke sokoni.

Hukumu yake ni nini? Amepokea Abu Huraira (R.A.), na wameitoa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ameeleza kuwa Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayozungumzwa na nafsi zao maadamu hawajayatamka wala hawajayatenda. Basi daraja tatu za mwanzo hazina hesabu juu ya mtu. Ama ya nne, imepokewa na Ibn Abbas (R.A.) katika vitabu hivyo viwili kwamba mwenye kuhimu jema asilitende huandikiwa jema moja kamili, na mwenye kuhimu ovu akaliacha huandikiwa jema kamili vile vile. Rehema iliyoje hii! Mwenye duka aliyefika ukingoni kisha akarudi nyuma kwa kumwogopa Mola wake, harudi mikono mitupu.

Ama azma, wengi katika maulamaa wamesema kuwa mtu huhesabiwa kwayo. Hoja yao ni hadithi ya Abu Bakra (R.A.) juu ya Waislamu wawili waliokutana kwa panga zao, kwamba muuaji na aliyeuawa wote ni wa motoni. Masahaba waliuliza: muuaji twamwelewa, na aliyeuawa je? Wakajibiwa kwamba naye alikuwa na pupa ya kumuua mwenziwe. Upanga wake haukufika, lakini azma yake ilikwisha kufika.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Neno lililompita akinywa chai lilikuwa hajisi, halikufika hata khatiri, isipokuwa kwa hofu yake alilishika mkia asiliache lipite. Talaka haipiti kwa kinachopita moyoni, hata kikipita mara mia. Tena kule kuogopa kwake si dalili ya uovu. Imo katika Sahihi Muslim kwamba baadhi ya Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamweleza kuwa wanapata nyoyoni mwao mambo ambayo kila mmoja wao aona ni makubwa mno hata kuyatamka. Mtume hakuwakemea. Aliwaambia kuwa kuona kwao hivyo ndiyo imani iliyo wazi. Na sisi tulimkemea kijana yule. Tutalirudia jambo hili.

Wasiwasi, hawaa, na ilhamu

Daraja tano tulizozitaja zatueleza jambo limefika wapi. Hazituelezi limetoka wapi. Sheikh Abul-Qasim al-Qushayri, aliyefariki mwaka 465 Hijriya, yaani 1072 Miladiya, ameeleza katika Risala yake kwamba yaingiayo moyoni yaweza kuwa yametiwa na malaika, na hayo huitwa ilhamu. Yaweza kuwa yametoka katika nafsi. Na yaweza kuwa yametiwa na shetani, na hayo ndiyo wasiwasi.

Wasiwasi ni neno la sauti. Waarabu wakiita hivyo mlio mdogo wa mapambo ya mwanamke atembeapo, mlio usikikao na usishikike. Ndivyo alivyo huyo anong'onaye katika vifua vya watu, aliyetajwa katika sura ya mwisho ya Msahafu wetu, tena akaitwa khannasi, yaani mwenye kujirudisha nyuma. Mwenye kumtaja Mwenyezi Mungu humwona amesinyaa. Yeye hana mkono wa kumshika mtu wala kamba ya kumfunga, ana mnong'ono tu.

Hawaa ni jambo jingine. Asili yake ni shina lenye maana ya kuanguka kutoka juu, na katika shina hilo hilo limetoka neno hewa tulilolizoea. Ar-Raghib al-Isfahani, katika kitabu chake cha maneno ya Qur'ani, ameeleza kuwa imeitwa hawaa kwa sababu humporomosha mwenyewe: duniani katika kila balaa, na Akhera katika Hawiya. Wala neno hili lisichanganywe na jina la mama yetu Bi Hawa, kwani lile ni kwa herufi nyingine na shina jingine. Asije mtu akamtwika mama yetu mzigo usio wake.

Hawaa siyo kutamani. Kutamani chakula kwa mwenye njaa, na kutamani usingizi kwa aliyechoka, hiyo ni shahawa, na Mwenyezi Mungu ameiumba ndani yetu ili tuishi. Haina lawama mpaka ivuke mpaka. Hawaa ni pale kutamani kunapovishwa joho la kadhi: nafsi ikapenda, kisha ikahukumu kuwa kwa kuwa imependa, basi ni haki. Ndiyo maana katika Suratul-Jathiya, aya ya 23, ametajwa mtu aliyeifanya hawaa yake kuwa mungu wake. Na katika Sura Saad, aya ya 26, Nabii Daud (A.S.), naye ni Mtume na mfalme, ameamrishwa ahukumu baina ya watu kwa haki wala asifuate hawaa. Ikiwa Mtume ameonywa hivyo, ni nani katika sisi aliyesalimika?

Amesimulia al-Qushayri kutoka kwa al-Junayd kipimo cha kutenganisha wasiwasi na matakwa ya nafsi, nacho ni kipimo chepesi chenye manufaa. Nafsi ikitaka kitu hung'ang'ania kile kile. Ukiikataza leo, kesho yarudi na jambo lile lile kama mtoto anayelilia kitu kimoja. Shetani hajali ni kosa gani, muradi ukose. Ukimkataa katika hili, akuletea lile. Basi ewe ndugu, ukiona jambo moja linakurudia mwezi baada ya mwezi na mwaka baada ya mwaka, usimsingizie Ibilisi. Tafuta nyumbani mwako.

Hapa ndipo twamrejea yule mtu mzima aliyesema, “Ni wasiwasi wa shetani tu.” Tulimuuliza kama ni mara ya kwanza kumtishia mkewe kwa neno hilo. Akanyamaza. Kisha akasema, “Kulitamka ni mara ya kwanza.” Jawabu hilo latosha kwa mwenye kufahamu. Neno hilo lilikwisha kukaa ndani kwa muda mrefu, likipambwa. Alilikuta mlangoni siku ya uchovu kwa sababu mwenyewe alilikaribisha mpaka mlangoni.

Natuzingatie kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Ndugu zake walipomtia kisimani wakarudi kwa baba yao na kanzu yenye damu ya uongo, Nabii Yaqub aliwaambia kwamba ni nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo. Na wao, baada ya miaka, walipokiri mbele ya Yusuf na mbele ya baba yao, walisema kuwa wao walikuwa wakosa. Hawakusema ni shetani. Basi ni nani aliyemtaja shetani siku ile? Ni Yusuf mwenyewe, aliyedhulumiwa, ndiye aliyesema kuwa shetani alitia uchochezi baina yake na ndugu zake. Mafunzo yake ni makubwa. Mwenye kudhulumiwa akilitupa kosa juu ya shetani, huo ni ukarimu wake na msamaha wake. Mwenye kudhulumu akilitupa kosa juu ya shetani, huko ni kukimbia hesabu. Na shetani mwenyewe, kama ilivyokuja katika Sura Ibrahim, aya ya 22, Siku ya Kiyama atawaambia wafuasi wake kwamba hakuwa na nguvu juu yao ila aliwaita wakamwitika, basi wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe. Litakuwa jambo la kuhuzunisha ikiwa siku hiyo shetani ndiye atakayetufundisha maana ya maneno!

Ama ilhamu, ni jema linalotiwa moyoni bila ya mtu kulitafuta, na hatuikanushi. Lakini jina hili ni tukufu, na kwa utukufu wake limekuwa nguo ya kuazima. Mtu ataka kuuza shamba walilorithi yeye na dada zake, asema ameoteshwa. Mwingine ataka kuzua katika ibada jambo lisilokuwa na asili, asema moyo wake umefunguliwa. Akiulizwa dalili, asema, “Hili nalihisi.” Twawauliza wenzetu hawa: je, nyinyi ni bora kuliko Sayyidna Umar (R.A.)? Mtume (S.A.W.) amebainisha, katika hadithi iliyomo katika Bukhari, kwamba katika umati zilizotangulia walikuwako watu waliotiwa maneno ya haki nyoyoni mwao, na kama yumo wa namna hiyo katika umma huu, basi ni Umar. Na pamoja na daraja hiyo, siku aliyofariki Mtume, Umar alisimama akakanusha kwa nguvu kuwa Mtume amekufa. Hilo ndilo lililomjia moyoni mwake siku ile ya msiba. Akaja Abu Bakr (R.A.) akasoma aya ya 144 ya Sura Aali Imran, na Umar aliposikia, miguu yake ikaisha nguvu, akakubali. Aliyekuwa na ilhamu ya kweli aliipima kwa Kitabu, na hisia yake ilipokihalifu Kitabu aliitupa palepale. Mwenye ilhamu ya uongo hukipima Kitabu kwa hisia yake.

Na akisema mtu kwamba Nabii Ibrahim (A.S.) alifuata ndoto, twamjibu kuwa ndoto za Mitume ni wahyi, na mlango wa wahyi umefungwa kwa kufariki Mtume wetu. Tena hata yeye, pamoja na kuwa na wahyi, alimweleza mwanawe aliyoyaona na akamtaka atazame aonavyo. Nyinyi mmewauliza dada zenu?

Kukurupuka, papara, na pupa

Maneno tuliyoyataja mpaka hapa tumeyapokea katika Kiarabu. Lakini wazee wetu wa pwani nao walikuwa na macho, na Kiswahili kina maneno yake katika mlango huu. Yazingatieni, kwani hayataji kinachoingia moyoni bali yataja namna ya kukitenda.

Kukurupuka ni kuondoka kwa mshituko bila ya kujua uendako, kama mnyama aliyeshitushwa kichakani, au mtu aliyezindushwa usingizini akakimbilia ukuta akidhani ni mlango. Papara ni kulitenda jambo kwa haraka isiyo na mpango, mikono ikaitangulia akili. Pupa ni haraka ya mwenye tamaa, achelewaye kuwa wengine watamtangulia. Basi aliyekurupuka ana mshituko, mwenye papara hana mpango, na mwenye pupa ana uchu. Anayemwacha mkewe kwa hasira amekurupuka. Anayeolewa au kuoa kwa wiki moja bila ya kuuliza tabia za mwenziwe ana papara. Anayegawa mirathi kabla maiti hajatimiziwa deni lake ana pupa. Dawa zao hazifanani: wa kwanza atulizwe, wa pili afundishwe, wa tatu azuiwe.

Kinyume cha yote matatu ni utulivu. Ulipofika Madina ujumbe wa Abdul-Qays, wenziwe walikimbilia kwa Mtume wakiwa na vumbi la safari. Mkubwa wao, al-Ashajj, alibaki nyuma, akaifunga mizigo na wanyama, akavaa nguo zake nzuri, kisha akaja kwa taratibu. Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa ana sifa mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu: upole na utulivu. Shauku ya al-Ashajj ya kumwona Mtume haikuwa ndogo kuliko ya wenziwe. Shauku yake ilikuwa na hatamu, basi.

Milango iliyowekwa na Sharia

Ewe ndugu msomaji, ukizitazama hukumu za dini yetu utaona kuwa nyingi zimewekwa makusudi baina ya kinachopita moyoni na kitendo, ili mtu apate pa kusimama.

Baina ya hamu na azma imewekwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni istikhara. Hadithi yake imepokewa na Jabir (R.A.), naye amesema kuwa Mtume akiwafundisha istikhara kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani, na ndani yake ameitaja kwa yule aliyehimu jambo. Angalieni neno lililotumika. Hakusema aliyekwisha kuazimia. Walio wengi leo huazimia kwanza, kisha wakasali rakaa mbili wakingoja ndoto ya kuwaunga mkono, na katika hadithi hiyo hakuna ahadi ya ndoto. Mlango wa pili ni shauri. Katika Sura Aali Imran, aya ya 159, Mtume ameamrishwa awashauri Masahaba wake katika mambo, kisha akiazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Shauri limetangulia, azma imefuata, na tegemeo limekuja mwisho. Mwenye kuanza na azma na kuiita tegemeo, ameusoma mstari kinyumenyume.

Na katika talaka khasa, milango ni mingi zaidi. Wanandoa wakikhitalifiana, Suratun-Nisaa, aya ya 35, yaamrisha mwamuzi katika watu wa mume na mwamuzi katika watu wa mke. Mume akishikilia kuacha, sunna ni kuacha talaka moja, katika tohara ambayo hakumkaribia mkewe. Ibn Umar (R.A.) alipomwacha mkewe naye yumo hedhini, Mtume aliamrisha amrejee, angoje atoharike, kisha aingie hedhini tena, kisha atoharike tena, ndipo akitaka amweke au amwache. Huo ni muda wa kutosha kwa jambo la ghafula kuonekana kuwa ni la ghafula. Na baada ya talaka yenyewe ipo eda, na mke hatolewi nyumbani kwake, kwa kuwa Suratut-Talaq inatukumbusha katika aya yake ya kwanza kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta baada ya hayo jambo jipya. Milango yote hii mtu mzima wetu aliiruka kwa neno moja, mwiko ukiwa bado una moto.

Tena zama zetu zimeifupisha njia. Zamani mwenye kutaka kuandika talaka alitafuta karatasi, akatafuta wino, akatafuta na mtu wa kuipeleka barua. Na katika kutafuta huko pengine hasira ilikwisha, barua ikachanwa. Leo simu i mfukoni, na kidole kimoja chatosha. Na maulamaa wa madhhabi yetu ya Kishafii wameyahesabu maandishi katika talaka kuwa ni kinaya: akiyaandika kwa nia ya kuacha, talaka hupita. Basi asidhani mtu kuwa alichokipeleka kwa simu ni mchezo kwa kuwa hakutoa sauti.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo machache. Likikupita neno moyoni, liache lipite, usilifukuze mbio wala usilikaribishe. Ukighadhibika, jilinde kwa Mwenyezi Mungu na shetani, na ikiwa umesimama, kaa, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu. Ukiona jambo limekurudia mara ya tatu, usiseme ni wasiwasi; ketisha nafsi yako uihesabu. Na ukitaka kusema “nimepata ilhamu”, mweleze kwanza mtu mwenye ilimu ambaye hatafaidika kitu kwa jambo hilo.

Yaliyobaki ni mwisho wa watu wetu wawili. Yule mtu mzima tulimwambia kwamba “nimekuacha” ni neno lililo wazi kwa maana ya talaka katika lugha yetu, na neno lililo wazi halingoji nia, na Mtume (S.A.W.) ameitaja talaka pamoja na mambo ambayo kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Tukampeleka kwa Kadhi, kwani alitamka akiwa na akili zake. Ikahukumiwa kuwa ni talaka moja, na mlango wa rejea ukawa wazi maadamu eda haijaisha. Alipokwenda kwa shemeji yake, mke alimtumia jawabu kwa kaka yake. Alisema, “Yeye asema lilikuwa jambo la ghafula. Kwake lilikwisha pale pale. Mimi ndiye niliyelilala usiku kucha.” Hakumrejea siku ile. Alikwenda mara tatu, na mara ya tatu hakumtaja shetani hata kidogo. Alisema, “Nimekosa.” Ndipo wakazungumza mbele ya wazee, akamrejea. Hatuna shaka kuwa neno hilo moja, lililosemwa kwa jina lake la haki, ndilo lililoufungua mlango.

Ama kijana, alirudi baada ya siku tatu, macho yake mekundu, amekonda. Tukamketisha, tukamsomea hadithi mbili tulizozitaja, ya msamaha wa yaliyomo nafsini na ya imani iliyo wazi, tukamwambia, “Mwanangu, hujamwacha mkeo. Rudi ndani ukalale.” Alilia. Na sisi tukamtaka radhi, kwani usiku ule wa kwanza ukali uliotutoka ulitoka kwa papara. Tuliulizwa swali la mtu anayezama, tukajibu kama watu wenye safari. Mwalimu anayefundisha utulivu naye ana nafsi, na nafsi yake haikusoma vitabu alivyovisoma yeye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki atupe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili atupe kuiepuka. Atukinge na shari za nafsi zetu, na minong'ono ya mwenye kujificha, na maneno yatutokayo kabla hatujayapima. Na azihifadhi nyumba za Waislamu. Amin.

Wallahu aalam, na kwake Yeye ndiko kwenye taufiki.